Nakala za draipointi za Berthe Morisot: bata sawa, paka hapana

Seti hii nimeinunua mtandaoni: nakala za picha za draipointi (mchoro unaokwaruzwa kwa sindano kwenye bamba la metali, kisha kuchapwa) za Berthe Morisot, yule mchoraji wa Ufaransa tunayemjua zaidi kwa rangi za mafuta. Draipointi alifanya chache mno, zote mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi 1890 hivi, kwa hiyo nilipoiona sikusita.

Bata kwanza. Yule anayepumzika ukingoni mwa maji ni mistari michache tu, mingine imekwaruzwa chapuchapu, lakini ukimtazama unaona ameketi kwa uzito wake wote. Morisot aliishi Paris karibu na Bois de Boulogne na ndege wa ziwa la kule aliwazoea. Nakala imetoka safi, karatasi ni nene, na fremu nimeshatia.

Shida ni zile za nyumbani, na ndizo nilizozitaka hasa. Moja ni Julie, binti yake, na paka (1889), aliyoichora kwa kufuata picha ya rangi ambayo mchoraji mwenzake Renoir alikuwa amemchora mtoto huyo mwaka 1887. Nyingine ni Morisot mwenyewe akichora, Julie yuko ubavuni mwake.

Draipointi haina mambo ya asidi, ingawa kijikaratasi cha maelezo kinasema inayo. Msanii anakwaruza bamba la metali kwa sindano, na mkwaruzo unaacha vijikingo vilivyoinuka pembeni. Vijikingo hivyo ndivyo vinavyoshika wino, mstari ukatoka na kivuli laini kama mahameli. Mashine ya kuchapia inavilaza upesi, ndiyo maana chapa za mwanzo hutafutwa sana. Sasa, muuzaji kaongeza ukali wa weusi mpaka kivuli chote kimepotea. Manyoya ya paka yamekuwa waya! Halafu kaikuza picha hadi saizi ya bango, wakati chapa yenyewe ni ndogo, ya kushikwa mkononi na kusogezwa karibu na uso. Julie wa saizi hii anakukodolea macho tu.

Nilimwandikia kuuliza alinakili kutoka chapa ipi, kwa sababu baada ya Morisot kufariki mwaka 1895 mabamba yake yalichapwa tena na Ambroise Vollard, muuza sanaa wa Paris, na chapa za baadaye si sawa na za awali. Jibu lilikuwa kuhusu muda wa usafirishaji. (Usafirishaji, kusema kweli, haukuwa na kasoro, na bomba la kufungashia lilikuwa gumu.)

Natoa nyota tatu, mbili kati ya hizo ni za bata. Kama wanauza mojamoja, chukua huyo. Kwa Julie, afadhali utafute picha kwenye tovuti ya National Gallery of Art ya Washington, ambayo hutoa bure picha nyingi za kazi za zamani ilizo nazo, kisha uchapishe mwenyewe kwa saizi yake halisi kwenye karatasi isiyong'aa.