Mitindo ya kuhariri picha za harusi: tuliyopitia Nairobi na uamuzi wangu

Ruracio yetu, yaani sherehe ya mahari ya Kikikuyu, ilipigwa picha na mtu mmoja, harusi ya kanisani ikapigwa na mwingine, na wifi yangu alipoolewa baadaye akaja na mpiga picha wake. Kila mmoja ana mtindo wake wa kuhariri. Nyuso ni zilezile, vitenge vingine ni vilevile, kwa hiyo kulinganisha kumekuwa rahisi.

Nianze na mtindo unaopendwa sana Instagram, ule wa mwanga mwingi. Kila kitu cheupe, vivuli vimeinuliwa, majani yamepauka, rangi zote laini. Sura hii kwa sehemu kubwa inaiga filamu ya kamera ya Fujifilm Pro 400H, ambayo wapiga picha wa harusi walikuwa wakiipa mwanga kupita kiasi makusudi ili rangi zilainike. Fujifilm waliacha kuitengeneza mwaka wa 2021, lakini preseti (mipangilio ya kuhariri iliyotengenezwa tayari) za Lightroom, programu ya kuhariri picha, zinazoiigiza zimejaa kila mahali, na mpiga picha wa ruracio yetu alikuwa amenunua mojawapo. Sampuli za muuzaji zilikuwa za maharusi wazungu ufukweni. Zinapendeza, sikatai.

Sisi si wazungu na hatukuwa ufukweni. Shangazi yangu ni mweusi tititi, na siku ile alivaa kitenge cha rangi ya machungwa na samawati. Kwenye picha kitenge kimetoka kama kilichofuliwa kwa jiki, na uso wake umekuwa wa kijivu chenye uwaridi kwa mbali. Alipoonyeshwa aliuliza, "Huyu ni nani amevaa kitenge changu?" Tulicheka, lakini alikuwa hatanii. Mambo haya hayakuanza na Instagram. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka itokavyo. Preseti iliyopangwa kwa ngozi nyeupe inarudia yaleyale. Bahati nzuri kijana aliyetupiga alikuwa amepiga kwa RAW, yaani faili ghafi inayohifadhi kila kilichonaswa na kamera, basi akakubali kuzihariri upya za wazee kwa ada kidogo. Angekuwa amepiga JPEG, faili iliyobanwa na kamera yenyewe, maua ya lesi yaliyokwisha kuungua kwa weupe yasingerudi.

Wifi yangu yeye alitaka giza. Mtindo huu unazamisha vivuli, unageuza kijani kuwa rangi ya zeituni na kuivuta ngozi kwenye rangi ya shaba. Kwa jua la jioni pale msitu wa Karura, mnamo saa kumi na mbili hivi, ulimkaa vizuri sana. Ngozi yake ilinawiri kuliko kwenye picha zetu zozote. Tatizo ni suti nyeusi ya bwana harusi. Kola haionekani, mikono haionekani, kuna kichwa na ua la kifuani. Albamu ilipotoka kuchapishwa mjini ndipo wakalalamika zaidi, maana karatasi haina taa ndani yake kama simu. Picha iliyokuwa na giza la kupendeza kwenye skrini inatoka nzito kwenye karatasi. Ukitaka mtindo huu na unataka albamu, uchapishe kurasa mbili tatu kwanza.

Harusi yetu ya kanisani ilihaririwa kwa rangi halisi, na hapo ndipo kura yangu ilipo. Watu hudhani maana yake ni picha ambazo hazijaguswa. Sivyo. Mpiga picha alirekebisha mizani ya weupe, ili cheupe kionekane cheupe, kwa kila eneo peke yake: ndani ya kanisa, nje kwenye lami, chini ya miti Arboretum. Ni kazi zaidi, na ndiyo maana tulisubiri zaidi na bei ilikuwa juu. Mume wangu ni mweusi na mimi ni maji ya kunde, na tukisimama pamoja ukimng'arisha yeye mimi naungua, ukinitengeneza mimi yeye anapotea. Mpiga picha alishughulikia kila uso kivyake, na kwenye picha tunafanana na sisi.

Na mjue ratiba zetu hapa Nairobi. Ibada inachelewa, hotuba zinarefuka, muda wa picha unaangukia saa saba au saa nane jua likiwa karibu utosini, macho yote yamejaa vivuli. Sampuli nyingi mnazoonyeshwa ni za jioni. Omba kuona harusi nzima, mwanzo hadi mwisho, na uangalie za saa saba.

Mtindo wa kuiga filamu ya zamani, wenye chembechembe na manjano kidogo, sina mengi ya kuusema, unachosha haraka.

Nyeusi na nyeupe nilikuwa naidharau hadi tulipoingia kwenye hema. Waliopamba waliweka taa za zambarau, DJ naye akaongeza zake za kijani, na mama mkwe alipokuwa akicheza alikuwa nusu zambarau nusu kijani. Rangi ya aina hiyo hakuna programu inayoitoa vizuri. Zikaondolewa rangi zote, na sasa zile za hemani ni kati ya picha ninazozipenda zaidi.

La mwisho, muulize mpiga picha ni nani atakayeketi kuzihariri. Agosti na Desemba harusi zikipandana, wapo wanaompa kijana mwingine kazi hiyo, na mtindo uliouchagua ulikuwa wa huyu, si wa yule. Mliandike hilo kwenye mkataba kabla ya kutuma pesa.