Steshenari ya Ngamiani inayoombea watu vyuo: matokeo wanayasoma vizuri, namba ya simu isimamie mwenyewe

Vijana wengi wa Tanga waliomaliza kidato cha sita huombea vyuo kwenye steshenari zenye intaneti, na hii niliyompeleka mpwa wangu, iliyopo Ngamiani, naisifu hasa kwa sababu mhudumu wake hagusi fomu kabla hajayapitia matokeo ya mwombaji somo kwa somo.

Binti alikuwa na daraja la tatu, pointi 13, na majirani walikwisha kumkatia tamaa. Mhudumu alimweleza kwa utulivu kwamba hesabu ya daraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na hesabu ya udahili ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, zinakwenda kinyume: katika daraja, A ni pointi 1 na mwenye pointi chache ndiye bora, ilhali katika udahili A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na sharti la jumla ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi (masomo makuu anayoyachukua mwanafunzi), kwa E au zaidi, yenye jumla isiyopungua 4.0. Kwa D ya Historia, D ya Kiswahili na E ya Kiingereza, sifa alikuwa nazo. Maarifa ya Jumla, ambayo binti aliyategemea mno, hayamo katika hesabu hiyo.

Wala hakumpa matumaini ya bure. Alimwonyesha katika mwongozo wa udahili kwamba kila programu ina masharti yake, kwamba udaktari wa binadamu, kwa mfano, hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja, na kwamba waombaji wakizidi nafasi, wenye alama za juu ndio hutangulia.

Kasoro yao ni moja, tena si ndogo. Katika akaunti ya maombi walijaza namba ya simu ya duka, wakati aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa msimbo wa kuthibitisha chuo anachokitaka kwa mawasiliano yaleyale aliyoombea. Nilidai ibadilishwe, wakabadilisha bila kinyongo. Mteja asiyelijua hilo angebaki kuwategemea.

Bei yao ni ya wastani, ila ulizeni mapema kama ada ya maombi inayotozwa na chuo imo ndani yake, kwani kwetu haikuwamo.