Makumbusho ya Taifa ya Sinema ya India, Mumbai: uzoefu wangu na shangazi

Shangazi yangu ana miaka 76 na magoti yake yamechoka. Magoti hayo ndiyo yaliyotupeleka Mumbai. Wengi wetu tunaokwenda India kwa matibabu tunalijua lile jiji kwa hospitali, duka la dawa na chumba cha kupanga, basi. Sisi tulipata siku chache za kusubiri majibu ya vipimo, na ni yeye aliyeniuliza: "Mwanangu, huku si ndiko zilikotoka picha zetu? Hakuna pahala pa kuziona?"

"Picha zetu." Wanawake wa rika lake pale Unguja ndivyo wanavyosema. Picha za Kihindi alizitazama sinema ya Majestic, Vuga, katika maonyesho ya wanawake peke yao, kavaa nguo yake mpya, na usiku akarudi na nyimbo kichwani bila kujua neno moja la Kihindi. Mpaka leo akikuna nazi huziimba.

Makumbusho yapo Pedder Road, kusini mwa jiji, ndani ya eneo lililokuwa la Films Division, idara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya filamu za habari na za kumbukumbu. Yalifunguliwa rasmi Januari 19, 2019. Nianze na kosa letu ili usilirudie: tulikwenda Jumatatu, na Jumatatu hufungwa. Tukarudi Jumatano. Hufunguliwa saa tano asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Raia wa India analipa rupia 20, mgeni 500. Tofauti ni kubwa, lakini kwa niliyoyaona ningezilipa tena siku hiyo hiyo.

Majengo ni mawili. La zamani linaitwa Gulshan Mahal, jumba la karne ya 19 ambalo lilikuwa la mfanyabiashara wa Kikhoja, jamii ya Waislamu wa India. Shangazi alisimama uani akalitazama kwa muda, kisha akasema linamkumbusha Dispensari ya Zamani pale Mizingani. Hakukosea. Dispensari ile ilijengwa kwa fedha za Tharia Topan, naye alikuwa Khoja aliyevuka bahari hiyo hiyo. Jengo la pili ni jipya, lina kumbi nne, kila ukumbi na ghorofa yake. Ushauri wangu ni huu: anza na la zamani, tena likupe sehemu kubwa ya siku yako. Wanaoanza na jipya hufika Gulshan Mahal wakiwa wamechoka, na humo ndimo hadithi ilimo.

Hadithi inaanza na vifaa vya kuchezea macho, vile vya kuzungusha mpaka picha tulivu ikaonekana inatembea. Kisha Julai 7, 1896, watu wa ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, walipoonyesha picha zao katika Hoteli ya Watson hapa hapa Bombay, jina la zamani la Mumbai. Hiyo ni miezi michache tu baada ya onyesho lao la Paris. Kisha mwongozaji Dadasaheb Phalke na Raja Harishchandra ya mwaka 1913, filamu ndefu ya kwanza ya India. Maelezo ya ukutani ni ya Kihindi na Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa nasoma na kumfasiria shangazi kwa sauti ya chini, naye anauliza, nami narudi kusoma tena. Alipofika kwa malkia wa filamu ile akanishika mkono. Malkia yule ni mwanamume. Phalke alitafuta mwanamke wa kuigiza akakosa, kwa sababu kazi hiyo ilihesabiwa aibu, mwisho akamchukua kijana aliyekuwa mpishi wa mkahawa, Anna Salunke. Mwaka 1917 kijana huyo huyo akaigiza Rama na Sita katika filamu moja, mume na mke, peke yake. "Na baada ya miaka michache tu," shangazi akasema, "wanawake ndio tuliokuwa tunawalipia kiingilio."

Katika sehemu ya filamu bubu kuna jambo lililonikaa moyoni. India ilitengeneza zaidi ya filamu elfu moja za aina hiyo, na zilizobaki ni chache mno. Ukanda wa zamani ulikuwa wa naitreti, unaoshika moto upesi na kuoza wenyewe. Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, nayo haipo tena. Zimebaki picha za mnato na mabango. Nyimbo zake saba watu wanazijua kwa kusimuliwa.

Hapo kwenye kuja kwa sauti ndipo tulipokaa zaidi kuliko popote. Ardeshir Irani, mwongozaji wa Alam Ara, alikuwa na studio karibu na reli, na maikrofoni za wakati ule zilinasa kila kitu. Ikabidi wafanye kazi usiku wa manane treni zikishatulia, na maikrofoni zikafichwa pembeni mwa waigizaji. Na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kurekodi wimbo mbali na picha, mwigizaji aliimba mwenyewe pale pale huku wapigaji muziki wamejificha nje ya jicho la kamera, wengine nyuma ya miti. Ukikosea mstari mmoja, wote mnaanza upya. Mtindo wa mwimbaji kurekodi studio na mwigizaji kufuatisha kwa mdomo ulikuja mwaka 1935, Calcutta. Shangazi yangu aliwahi kuimba taarabu katika kikundi cha mtaani, anajua maana ya kuimba wimbo wa dakika kumi bila kurudia. Alinifanya nimfasirie kipande hicho mara tatu. Baadaye akaniambia kuwa miaka yote aliwahesabu wale watu ni wa ndoto, hakupata kufikiri kama walikuwa kazini, wanatoka jasho, wanasubiri treni ipite.

Alam Ara ilifunguliwa Machi 14, 1931, na watu walijaa mpaka polisi wakaitwa kuwatuliza. Jumba lilikuwa Majestic Cinema. Nilipolitaja jina, shangazi alicheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, akaanza kunisimulia Majestic yake, foleni ya Jumapili, walanguzi wa tiketi, na kaka yake aliyeuza kuku ili waingie. Watu wawili watatu waligeuka kututazama. Sikumnyamazisha.

Sehemu za enzi ya studio na Vita Kuu ya Pili nilizipita haraka kidogo. Usiache tu kusoma juu ya studio ya Bombay Talkies, iliyoanzishwa mwaka 1934 na Himanshu Rai na mkewe Devika Rani, maana Devika Rani aliiendesha mwenyewe baada ya mumewe kufariki. Na wakati wa vita ukanda wa filamu, ambao ulitoka nje ya nchi, uligawiwa kwa kibali. Wenye fedha za magendo wakaingia, mastaa wakaacha mishahara ya studio wakawafuata. Ukisoma hayo utaelewa kwa nini steringi ndiye akawa filamu yenyewe.

Jengo jipya ni la aina nyingine, lina skrini nyingi na vitu vya kugusa. Lifti ipo, nasi tuliihitaji. Ghorofa ya kwanza inamhusu Gandhi na sinema. Gandhi hakuipenda sinema. Kamati ya serikali ilipomuuliza miaka ya 1920 alijibu kwamba hajawahi kuingia hata mara moja. Kumpa ukumbi mzima mtu wa namna hiyo kulinishangaza mwanzoni, ila filamu zilizotengenezwa juu yake na juu ya mawazo yake ni nyingi kweli. Ghorofa ya pili ni ya watoto, na siku ile ilikuwa ya wanafunzi wa skuli, kelele tupu, wakijaribu kutengeneza filamu zao. Ukienda na watoto, hapo ndipo utakapowapoteza.

Ya tatu ni ya ufundi: kamera, mashine za kukatia filamu, vifaa vya sauti. Anayependa vyombo ajipe saa nzima. Ya nne inaonyesha sinema za India yote, nayo ilinisahihisha. Sisi tukishaona sari na wimbo tunasema picha ya Kihindi, wakati nyingine ni ya Kitamil, Kitelugu, Kibengali au Kimalayalam, kila lugha na mastaa wake na wakosoaji wake. Humo makumbushoni kuna deraya ya chuma ya kilo 30 aliyoivaa S. V. Ranga Rao, mwigizaji mkubwa wa Kitelugu. Shangazi hakumjua, lakini akamtazama usoni akasema, "Huyu alikuwa adui." Ni kweli, baadhi ya kazi zake kubwa zaidi zilikuwa za adui.

Kwa mtu wa pwani yetu kuna jambo la kubeba mwenyewe unapoingia humo. Makumbusho haya yanaeleza sinema ilivyotengenezwa. Ilikofika na watu walichoifanya huko, hilo tunalo sisi. Wimbo ukashuka bandarini na sahani ya santuri, mtu akaupa maneno ya Kiswahili, ukapigwa harusini. Mombasa waimbaji wa taarabu akina Juma Bhalo wakaujengea jina. Nilimpeleka shangazi nikidhani naenda kumwonyesha kitu, kumbe nusu ya maelezo alikuwa nayo yeye. Ukiwa na mzee aliyewahi kuingia sinema za zamani, nenda naye, hata kwa kiti cha magurudumu, na usimharakishe. Saa tatu hazitoshi. Sisi tulikaa tano, na siku mbili kabla ya ndege tukarudi kwa ajili ya Gulshan Mahal peke yake, akakaa tena pale kwenye sauti.

Siku hiyo ya pili, tulipotoka, nilimwambia kwamba Lata Mangeshkar, mwimbaji wa nyimbo za filamu, aliishi barabara hii hii, jumba linaitwa Prabhu Kunj, mpaka alipofariki Februari 2022. Sauti ya Lata ndiyo anayoiimba akikuna nazi. Akasema magoti yanaweza. Tukaenda polepole, tukasimama upande wa pili wa barabara, magari yakipita katikati, naye akaivuta khanga yake vizuri kichwani kama anayeingia nyumba ya watu.