Kipete cha jostiki yangu na fundi aliyeniambia "ni kachuma tu"

Chini kabisa ya fimbo ya Sanwa JLF, aina ya fimbo inayofungwa kwenye jostiki za mezani za gemu, kuna kipete cha chuma chenye umbo la herufi E, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ndicho kinachozuia springi isichomoke, pamoja na ile bushi ya plastiki inayogonga swichi. Kikitoka, unabaki na fimbo mkononi. Fundi mmoja wa Kariakoo alipoteza cha kwangu, akafunga waya mahali pake, akanirudishia jostiki huku akijua alichofanya, na hela yangu akachukua yote.

Mimi ni mtu wa Tekken, ile gemu ya kupigana. Nilianza kwa pedi kama wengine, mpaka ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai aliporudi na jostiki ya mezani, ile ya fimbo yenye mpira juu kama kwenye mashine za sarafu. Niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini springi inayokuja nayo ni laini. Ukiachia fimbo, inayumba kidogo kabla ya kutulia katikati, na kwa anayecheza na Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa Tekken, katikati ndiyo kila kitu. Ile ngumi yake ya umeme unaipata kwa kusukuma mbele, kuacha fimbo irudi katikati, kushuka chini, halafu mbele-chini pamoja na kitufe cha ngumi ndani ya fremu ileile. Gemu inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Fimbo ikichelewa kurudi, unatoa ngumi ya kawaida, adui anakinga, unapigwa wewe.

Kwa hiyo niliagiza springi ngumu zaidi na bushi nene kidogo, na hivyo ndivyo vifaa ninavyovipa nyota hapa. Bushi ikiwa nene inaifikia swichi mapema, mkono hausafiri mbali. Mzigo ulipitia kwa wakala, nikausubiri zaidi ya mwezi. Ulipofika niliogopa kufungua mwenyewe, nikasema kazi ya fundi apewe fundi. Nikampelekea, nikamweleza polepole, nikamwonyesha hata picha. Akasema, "Acha hapo, njoo jioni."

Jioni nikalipa, nikaondoka. Nyumbani nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, nikamwita mdogo wangu aje ashike aone. Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda kombo. Nasukuma mbele, mchezaji anaruka. Nataka kurudi nyuma, anaruka tena. Nikaamini bushi nene hainifai, maana ni kweli kwamba ikizidi unene sehemu ya katikati inakuwa finyu, hata mkono ukitetemeka swichi inagongwa. Nilishaanza kuwaambia wenzangu wasipoteze hela yao kwa hivi vitu. Naomba radhi kwa wote niliowaambia.

Wikiendi moja tulikutana Sinza, watu kama kumi na kitu, tunashindana. Mzunguko wa tatu, nipo pazuri kabisa, fimbo ikachomoka. Nikasikia springi inadondoka ndani ya boksi. Watu wakanyamaza. Tukafungua kifuniko palepale, na chini ya fimbo tukakuta kipande cha waya wa umeme uliovuliwa ganda, umezungushwa mara tatu na kusokotwa kwa plaizi. Kwenye bushi yangu mpya waya ulikuwa umeshachimba mfereji. Bushi ilikuwa imekaa upande siku zote hizo, na ndiyo maana swichi ya juu ilikuwa inagongwa bila kuombwa. Bushi haikuwa na kosa lolote!

Nilirudi Kariakoo siku mbili tatu baadaye. Nilimsalimia vizuri, nikamwonyesha ule waya. Hakuuangalia mara mbili.

"Dogo, ni kachuma tu kale. Karuka, kakapotea. Kwani haikucheza?"

Nikamwambia, kaka, ungeniambia tu kwamba kimepotea, ningetafuta kingine. Akajibu, mbele ya wateja wengine, kwamba yeye anafungua gemu tangu enzi za kaseti, na kama sitaki kazi yake nikanunue jostiki nyingine. Hakuna pole. Kupoteza kitu kidogo kunaweza kumtokea yeyote, hata mimi. Lakini kukificha kwa waya, halafu kunisemesha kama mtoto aliyevunja kikombe, hilo sijalisahau mpaka leo na kifua bado kinapanda ninapoandika.

Kipete kingine ni hela ndogo sana, ila kwa bahati mbaya hakuna duka nililopita lenye saizi hiyo. Nikaagiza kumi kwa mpigo, nikasubiri tena. Safari hii nilifunga mwenyewe, na hapa ndipo hasira iliponizidi, maana ni kazi ya dakika kumi. Unabana vimeno, unatoa geti la chini, kile kibao cha plastiki kinachoizuia fimbo isipite mipaka. Unaisukuma bushi ipande dhidi ya springi, halafu kwa bisibisi bapa ndogo unakichokoa kipete kitoke kwenye mfereji wake. Mikono yote miwili iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, kipete kikiruka kinabaki mfukoni. Hakuna kuchoma risasi, waya za JLF zinakuja na plagi yake. Kama unabadilisha na vitufe, navyo ni vya kuchomeka tu. Fundi akikutajia risasi, chukua mzigo wako uondoke.

Na sasa? Sasa ni jostiki nyingine kabisa. Fimbo ikiachiwa inatua, haiyumbi. Ngumi ya umeme iliyokuwa inatoka mara moja nikijaribu mara tano, sasa nikikosa ndio nashangaa. Kurudi nyuma kwa haraka, nyuma, nyuma, chini-nyuma, nyuma, ninakwenda mpaka ukutani. Springi ngumu inachosha kiganja, nilitaka kuipunguzia nyota kwa hilo, na kwa Street Fighter, gemu nyingine ya kupigana, kwenye zile za kuzungusha fimbo nusu duara, ninaiona nzito kidogo. Lakini hapana, siipunguzii. Vifaa hivi vilitukanwa na mimi wiki nzima kwa kosa la waya. Nyota zote tano.

Vipete tisa nimebaki navyo. Mdau yeyote wa Dar mwenye JLF iliyofungwa waya, nitamgawia kimoja bure, na kama anaogopa kufungua nitamfungia mbele ya macho yake.