Teksi ya Korongo Marabu: Uzoefu Wangu na Picha ya Rangi za Mafuta Niliyoinunua Kampala

Picha hii imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai lenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 90, nami niliinunua kwa shilingi 950,000 katika duka moja la sanaa jijini Kampala, baada ya majadiliano marefu kuhusu bei. Inaonyesha ndani ya teksi ya abiria 14, zile nyeupe zenye mstari wa miraba ya buluu, ila sakafu yake ni maji ya ziwa na abiria wote ni wanyama.

Nilivutwa na jambo moja. Kwenye vibanda vya sanaa vya watalii tumezoea kuona simba aliyevishwa suti au tembo mwenye kiko mdomoni, kana kwamba mnyama akishavaa koti basi amekwisha kuwa mtu. Katika picha hii hakuna aliyevaa chochote, na utu wao wote umewekwa katika mwenendo. Konda ni korongo marabu, yule kalooli anayepekua majalala ya Kampala, na noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya manyoya ya ncha ya bawa, vile vile makonda wetu wanavyozibana vidoleni. Ng'ombe wa Ankole ameinamisha shingo ili pembe zake zisimchome jirani, na macho yake ni ya abiria anayejua kwamba mzigo wake umewakera wenzake. Mbuzi anatazama dirishani kwa bidii ya kutiliwa shaka, maana nauli inadaiwa upande wake.

Mchoraji anawajua wanyama wenyewe, na hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda. Miguu ya marabu kiasili ni ya kijivu iliyokoza, lakini huonekana myeupe kwa sababu ndege huyo huijinyea ili kupoza mwili. Michirizi hiyo imo, imepakwa kwa brashi kavu bila aibu yoyote. Mfuko wa shingoni umejengwa kwa rangi nzito iliyotandazwa kwa kisu, hata mwanga wa dirisha ukiupiga kwa ubavu unaonekana umevimba kweli. Wanaopenda kuainisha watasema huu ni usurialisti, ule mtindo wa sanaa unaochanganya mambo ya kweli na ya ndotoni, ulioshika jina baada ya mwandishi Mfaransa André Breton kutoa ilani yake jijini Paris mwaka 1924, na watamtaja mchoraji Leonora Carrington aliyejaza picha zake viumbe nusu watu nusu wanyama. Sina ubishi nao, ingawa mtoto wa Buganda aliyelelewa kwa hadithi za Wakayima, sungura mjanja, hahitaji ilani ya Paris ili amwelewe mbuzi anayekwepa nauli.

Ngedere wa kiti cha nyuma hakunipendeza. Amepewa sura ya binadamu moja kwa moja, rangi yake ni nyembamba mno, na anaonekana kama kazi ya jioni ya mwisho.

Lalamiko langu kubwa ni la duka. Rangi za mafuta hazikauki kama nguo kambani. Mafuta ya kitani yaliyomo hufyonza oksijeni ya hewani na kugandamana polepole, kwa hiyo sehemu nyembamba hushikika baada ya siku chache, ilhali sehemu nene huweza kuchukua miezi mingi. Muuzaji aliizungushia picha plastiki iliyogusa turubai, na ilipofika nyumbani mfuko wa shingo ya marabu ulikuwa umechapwa alama za mikunjo. Simu zangu zilijibiwa kwa ahadi tu, mpaka nilipozungumza na mchoraji mwenyewe, ambaye alikuja na kisu chake na kuurudishia umbo bila kunidai kitu. Fremu nayo ilikuwa ya mbao laini iliyoanza kuachia kwenye pembe, nikamwagiza seremala aniundie nyingine ya mvule.

Kwa atakayenunua kazi ya aina hii, ningeshauri aulize ilimalizwa lini, akatae kupakiwa vanishi ya mwisho ikiwa rangi bado ni mbichi, na asiitundike mahali jua linapoipiga moja kwa moja. Mchoraji huyu nitanunua kwake tena, ila safari ijayo nitaichukua picha karakanani kwake, bila fremu na bila plastiki.