Seti tatu za kudarizi kwa mshono wa msalaba: uzoefu wangu kuhusu viwango vya ustadi vinavyoandikwa na wauzaji

Wauzaji wa seti za kudarizi kwa mshono wa msalaba wana desturi ya kuandika kiwango juu ya kifurushi: ya wanaoanza, ya wastani, au ya wenye ustadi. Nimetumia seti tatu zilizopewa viwango hivyo, zote nikiziagiza kwa njia ya mtandao na kuletewa hapa Mombasa, na maoni yangu ni kwamba maandishi hayo humsaidia mnunuzi kidogo sana. Yanaelekea kupima ukubwa wa picha na wingi wa rangi, ilhali ugumu wa kazi yenyewe unatokana na mambo ambayo muuzaji huyaandika kwa herufi ndogo mwishoni mwa maelezo, au hayaandiki kabisa: ufinyu wa miraba ya kitambaa, kama mishono ni mizima au imegawanywa, na jinsi rangi zilivyotawanyika katika chati, yaani mchoro wa miraba unaoonyesha rangi ya kila mshono.

Seti ya kawaida huwa na kitambaa, nyuzi, sindano butu na chati. Kitambaa kinachotumika zaidi ni Aida, ambacho hufumwa kwa mafungu ya nyuzi yanayounda miraba iliyo dhahiri, na kila kona ya mraba ina tundu la kupitishia sindano. Namba inayotajwa, yaani 11, 14, 16 au 18, ni idadi ya miraba katika inchi moja, na kadiri namba inavyopanda ndivyo miraba inavyokuwa midogo. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mtu apige hesabu ya eneo: inchi moja ya mraba ya kitambaa cha 11 hubeba mishono 121, ya kitambaa cha 14 hubeba 196, na ya kitambaa cha 18 hubeba 324. Picha mbili zinazotoshana ukutani zinaweza basi kutofautiana kwa kazi zaidi ya mara mbili na nusu. Ukubwa wa picha hupatikana kwa kugawanya idadi ya mishono kwa namba ya kitambaa, hivyo mishono 140 kwenye kitambaa cha 14 hutoa inchi 10, takriban sentimita 25. Muuzaji asiyetaja namba ya kitambaa wala idadi ya mishono, mimi simpi fedha yangu.

Seti iliyoandikwa kuwa ya wanaoanza ilikuwa ya aina iliyochapwa, yaani picha ya chombo cha maua imepigwa chapa ya rangi moja kwa moja juu ya kitambaa cha 11, na mshonaji anatakiwa kufunika kila rangi kwa uzi wake. Wazo ni zuri na ndilo linalowavuta wengi, kwa kuwa hakuna kuhesabu. Binti wa kaka yangu, ambaye yuko darasa la sita, ndiye aliyeishona zaidi kuliko mimi, na ni yeye aliyegundua kasoro. Upande wa kushoto wa kitambaa, wino ulilingana na miraba vizuri. Alipofika upande wa kulia aliniletea kazi akiwa ameweka kidole juu ya ua jekundu.

"Shangazi, hapa rangi imekaa katikati ya matundu. Nishone huku au kule?"

Nilipoinua kitambaa kwenye mwanga wa dirishani niliona kwamba chapa ilikuwa imeteleza kidogo kidogo, na kufikia ukingo ule ilikuwa imepotoka kwa nusu ya mraba mzima. Nilimwambia, "Fuata chati, mwanangu, huo wino utatoka kwa kufua." Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilimaanisha kwamba mtoto aliyenunuliwa seti isiyohitaji kuhesabu alilazimika kuhesabu, tena akiwa na alama za wino zinazompinga machoni. Zaidi ya hapo, rangi za wino hazikufanana na rangi za nyuzi: waridi ya kwenye kitambaa ilisimama badala ya uzi mwekundu wa damu ya mzee, na rangi mbili za machungwa, moja iliyoiva na moja iliyopauka, hazikutofautishika kabisa baada ya jua kuzama na taa kuwashwa.

Sisemi kwamba seti zilizochapwa hazifai. Mtu asiyependa kuhesabu, au anayetaka kazi ya kutuliza mikono wakati wa mazungumzo ya jioni, atazifurahia, hasa zenye mafungu makubwa ya rangi moja. Ila anunuaye aina hiyo akumbuke kwamba wino hutolewa kwa maji, na kwamba kitambaa hakipigwi pasi kabla ya kufuliwa, kwa sababu joto laweza kuuganda wino usitoke tena. Vilevile atazame kama kuna sehemu za mandhari ya nyuma ya picha zinazobaki bila kushonwa, kwani hapo ndipo wino uliosalia utakapoonekana.

Seti ya pili iliandikwa kuwa ya wastani, nadhani kwa sababu moja tu, kwamba ni ya kuhesabu. Kitambaa ni cheupe kisicho na alama yoyote, cha 14, na chati imechapwa kwenye karatasi. Picha ina mishono 70 kwa 70, yaani inchi 5 kila upande, na rangi 9. Hii ndiyo ninayoiona kuwa seti halisi ya kujifunzia, na ningependa iwe ya kwanza kwa kila mtu mwenye uwezo wa kuhesabu hadi 10. Nasema 10 kwa makusudi: chati nzuri huwa na mstari mzito kila baada ya miraba 10, na mshonaji akipiga mistari kama hiyo kwenye kitambaa kwa kalamu ya wino unaotoka kwa maji, au kwa uzi wa bandi, hatakuwa na haja ya kuhesabu zaidi ya mraba mmoja mkubwa kwa wakati. Kitambaa hukunjwa mara nne ili kupata kitovu, na kazi huanzia hapo, ndipo picha isije ikaishia ukingoni.

Kilichonipendeza zaidi katika seti hiyo ni kwamba mishono yote ni mizima. Kila mraba una mshono mmoja wa msalaba wa rangi moja, na mistari ya nje ni michache. Anayejifunza anapata nafasi ya kushughulikia jambo ambalo kwa macho yangu ndilo linaloitofautisha kazi safi na kazi ya ovyo: mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja katika picha nzima. Uzi wa kudarizi unang'aa, na mguu mmoja ukigeuka, mwanga unauangukia kwa namna nyingine na jicho linauona kutoka upande wa pili wa sebule. Mimi niliyezoea kufuma vitambaa vya makochi kwa kulabu nilidhani mkono wangu tayari una nidhamu ya kutosha, lakini kulabu hukubali kufumua na kuvuta, na uzi huu wa pamba ukifumuliwa mara mbili tatu huanza kuota manyoya.

Nyuzi za seti hiyo ziliandikwa namba za DMC, na hili nalipa uzito mkubwa kuliko jina la kiwango. DMC ni kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, na uzi wake wa pamba, ambao huuzwa kwa mafungu ya mita 8 na una nyuzi nyembamba 6 zinazotenganishwa, una rangi 500 zenye namba zinazotambulika popote. Nyeusi ni 310, iwe umeinunua Nairobi au Muscat. Anchor, watengenezaji wengine wa nyuzi, nao wana namba zao, nyeusi yao ikiwa 403, na zipo jedwali za kulinganisha, ingawa rangi nyingi hukaribiana tu bila kufanana sawasawa. Seti yenye namba hizo, uzi ukipungua, unanunua fungu moja na kuendelea. Ile iliyochapwa ilikuwa na namba za muuzaji mwenyewe, na uzi mweupe ulipokwisha kabla ya mandhari ya nyuma kukamilika, niliandika barua kwa muuzaji na nikajibiwa kwamba ninunue seti nyingine. Nilimaliza kwa weupe wa aina nyingine, na anayejua pa kutazama anauona mpaka wake.

Seti ya tatu, ya wenye ustadi, ni picha ya ndege mdiria aliyetua kwenye tete. Kitambaa si Aida bali ni kile kilichofumwa kwa nyuzi moja moja zenye unene sawa, cha 28, yaani nyuzi 28 katika inchi moja, ambacho hushonwa kwa kuruka nyuzi mbili, hivyo ukubwa wa msalaba unakuwa uleule wa Aida ya 14. Wengi huogopa kitambaa hiki, nami naona hofu hiyo imezidi. Picha za ndege na nyuso huwa na robo mishono, yaani msalaba unaokatwa ili mraba mmoja ubebe rangi mbili. Kwenye Aida, robo mshono unahitaji kutoboa katikati ya mraba, mahali ambapo hakuna tundu, na sindano butu hukataa. Lakini kwenye kitambaa cha 28 tundu la katikati tayari lipo, kwa kuwa umeruka nyuzi mbili. Kwa sababu hiyo seti ya Aida iliyojaa robo mishono inaweza kumtesa mtu kuliko ya kitambaa cha 28, na bado ikauzwa kwa jina la wastani.

Ugumu wa kweli wa mdiria ulikuwa kifuani. Katika eneo la mishono 10 kwa 10 nilikuta rangi 14, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na mshono mmoja mmoja uliotengwa: rangi ya kutu, kisha ya asali, kisha kahawia isiyokolea, halafu kutu tena lakini ya namba nyingine. Kila mmoja unadai kuanza uzi, kuufunga kwa nyuma na kuanza tena, na nyuma ya kitambaa inajaa mpaka sindano inapita kwa shida. Baadhi ya alama zilidai kuchanganya rangi mbili katika sindano moja, uzi mmoja mwembamba wa kila rangi. Nilishona kwa sindano kadhaa kwa pamoja, kila moja na rangi yake, nikiziegesha pembezoni mwa fremu. Matokeo yanapendeza mno, manyoya yana kina ambacho mafungu ya rangi moja hayawezi kukitoa, lakini mtu mwenye nusu saa tu kila jioni ajue kwamba nusu saa hiyo inaweza kuzaa mishono michache mno. Jambo hili hugundulika kabla ya kununua: ukikuza picha ya mfano, tazama kama rangi zimekaa kwa mafungu au zimenyunyizwa kama chenga za mchele. Hakikisha pia kwamba unachotazama ni picha ya kazi iliyokwisha kushonwa, kwani wauzaji wengi huweka mchoro wa kompyuta ambao hakuna mkono uliowahi kuudarizi.

Mdiria alikuwa na mistari ya kurudi nyuma, ile inayochora ukingo wa mdomo na jicho, pamoja na vifundo vidogo vya kuzungushia uzi kwenye sindano. Hayo hushonwa mwishoni na wala hayatishi. Ninachokitahadharisha zaidi kwa sisi wa pwani ni jasho. Kitambaa cheupe kilichobanwa kwenye fremu ya duara kwa siku nyingi huacha duara la uchafu, kwa hiyo fremu hufunguliwa kila unapoacha kazi. Na kitambaa cheusi, hata kiwe cha 14 na kiandikwe kuwa rahisi, si cha mtu anayeanza, kwa kuwa matundu hayaonekani mpaka utandike kitu cheupe mapajani.

Kwa tathmini ya jumla, seti ya kuhesabu ya 14 naipa alama ya juu kabisa na nimeiagiza tena, kwa mchoro mwingine, ili binti wa kaka yangu ashone peke yake. Mdiria naipa alama ya juu pia, kwa sharti kwamba mnunuzi awe amekwisha kumaliza walau kazi moja ya mishono mizima. Ile iliyochapwa naipa ya wastani kwa maua yake mazuri, na ya chini kwa nyuzi zake. Zipo pia picha kubwa zinazojaza kitambaa chote cha 25, kila msalaba ukivuka uzi mmoja tu wa kitambaa, ambapo inchi ya mraba hubeba mishono 625. Nimezitazama nikazirudisha rafuni, maana ni kazi ya miaka.

Kifurushi kikifika, usisubiri siku ya kuanza kushona ndipo ukifungue. Linganisha kila namba ya uzi na ufunguo wa rangi ulio kwenye chati, kisha pima kitambaa uone kama kinabakiza angalau sentimita 7 kila upande nje ya picha, kwa ajili ya kubana fremu na kuweka kioo. Wauzaji wengi huruhusu madai kwa muda mfupi tu baada ya kupokea, na seti ya tatu ilinifikia ikiwa na upungufu wa fungu moja la uzi, ambalo nililetewa bila malipo kwa sababu nilidai mapema.