Draivu ya DVD ya laptopu iliyokufa: ununue nini ifanye kazi tena

Laptopu imekufa, draivu yake ya DVD bado nzima, na kabatini zimelala DVD za harusi ambazo kompyuta mpya haina pa kuzitia. Mara nyingi draivu hiyo hushikwa na skrubu moja tu chini ya laptopu. Ifungue, uivute, kisha uipime unene: milimita 12.7 au 9.5. Tazama na nyuma yake. Ukiona pini 7 na kando yake pini 6, hiyo ni SATA, aina mpya ya kiunganishi. Ukiona mlango mmoja mpana wa pini 50, hiyo ni IDE, aina ya zamani, na mimi nisingeihangaikia.

Namba moja kwangu ni kasha la USB, yaani kisanduku unachoitia draivu hiyo kisha ukakiunga na kompyuta kwa waya wa USB. Chagua la unene uleule. Draivu ya 9.5 ndani ya kasha la 12.7 inachezacheza. Kinachosumbua zaidi ni umeme. Mlango wa USB 2.0 hutoa miliampia 500, na draivu nyingi hutaka zaidi zinapoanza kuzungusha diski au kuiandika. Ndipo inapolia tik-tik na kupotea kwenye skrini. Basi tafuta kasha lenye waya wa vichwa viwili vya USB, au lichomeke kwenye mlango wa USB 3.0, unaotoa 900. Usilipie zaidi kasha la USB 3.0 kwa ajili ya kasi: draivu ya DVD ya kasi ya 8x husoma kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inazibeba bila shida.

Angalia pia usiuziwe kile kifremu cha kuweka diski kuu mahali pa DVD. Mimi nilirudi nacho nyumbani, nikakigeuzageuza jioni nzima nikitafuta waya wa USB.

Namba mbili ni waya mtupu wa kugeuza SATA hiyo kuwa USB. Unatosha kama unahamisha mafaili mara moja tu. Waya wa diski kuu hauingii, maana upande wake wa umeme una pini 15.

Mwenye kompyuta ya mezani anunue adapta ndogo ya kugeuza SATA hiyo kuwa SATA ya kawaida, aiunge draivu ndani moja kwa moja.

Draivu mpya ya nje iwe ya mwisho, isipokuwa bei yake inakaribia ya kasha; hapo chukua mpya.

Windows 10 na 11 hazichezi filamu za DVD zenyewe. Weka programu ya VLC, ni ya bure. Na dukani nenda na draivu yako pamoja na DVD moja, ujaribu kabla ya kulipa.